Nyumba Iliyokuwa Baridi Kwenye Kompyuta

Uvumi ulioning'ang'ania kama kupe ulikuwa huu: nyumba mpya za Villa Aurora zinapika watoto. Aliyeniletea ni jirani yangu Edilsa, yule mkaanga arepa za mayai, maandazi yetu ya unga wa mahindi. Nikamcheka. Nilikuwa nimeshapewa nyumba mojawapo hapa Barranquilla, na mwenye nyumba mpya hasikii la kuambiwa.

Nyumba hizo alizibuni Injinia Leguizamón wa mji mkuu, kule milimani wanakolala na mablanketi. Alizijenga kwanza ndani ya kompyuta, akaona kwamba hazitahitaji umeme wa kupoza hata chembe. Ndiyo maana kuta hazina matundu kule juu kama nyumba zetu za pwani, na dirisha ni kioo kisichofunguka. Matundu yanavujisha ubaridi, alisema. Ubaridi upi, hatukujua, ila aliyesoma ameshasema. Na sharti lilikuwa moja: atakayetoboa ukuta atanyang'anywa nyumba.

Agosti ilipofika, mwanangu Dayanis, mchanga bado wa kunyonya, alijaa vipele vya joto mwili mzima. Feni ilizungusha joto lile lile kama mwiko kwenye uji. Mchana mmoja akashikwa na degedege. Muuguzi wa zahanati akanikaripia: "Mama, usimrudishe kwenye tanuri hilo. Likimrudia, anaweza kwenda nalo."

Basi nikawa namshindisha mtoto barazani, nikampigia simu injinia. Alikuja, kompyuta kwapani, shati limemganda mgongoni.

"Tazama, mama." Akanionyesha nyumba yangu kwenye skrini, buluu tupu kama bwawa. "Humu ndani mna ubaridi mzuri kabisa."

"Sasa mbona unatiririka jasho, injinia?"

"Nimepanda ngazi."

"Ngazi zipi, baba?" Edilsa akadakia kutoka mlangoni. "Nyumba ya chini hii. Au umepanda zile za humo kwenye kompyuta?"

Injinia akanigeuzia skrini. Akaeleza kwamba nyumba haina kosa, mkosaji ni mimi. Familia ya kwenye kompyuta hutoka asubuhi ikarudi jioni, haikaangi kitu, haichemshi supu mchana, wala haiachi mlango wazi ikae barazani kupiga soga.

"Wako wangapi hao?" nikauliza.

"Watatu na nusu."

"Masikini! Hiyo nusu ni mtoto au ni mume?" Edilsa akacheka hadi akaegemea ukuta, akaruka palepale. Ukuta ulikuwa wa moto.

Kabla injinia hajajibu, mvua ikashuka. Mtaa ukageuka mto, kama kawaida yetu, hapakuwa na wa kwenda popote. Maji yakaivamia baraza. Nikamwingiza Dayanis ndani, tukafunga mlango na kuuzibia matambara. Tukawa watu wanne ndani ya chupa.

"Sasa ndiyo tunakaa sawasawa," akasema injinia, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria yangu. "Mlango umefungwa, jiko limezimwa. Subirini, itapoa."

Haikupoa. Mtoto akalegea mikononi mwangu, akaacha kulia, macho yakaanza kupanda juu. Nikamtupia Edilsa mtoto, nikatwaa nyundo, nikapanda juu ya kiti.

"Mama, usithubutu!" injinia akapiga kelele. "Utaharibu matokeo!"

"Ya nani?"

Nikapiga. Tofali la tatu lilipoanguka, upepo wa mvua ukaingia. Nikampokea Dayanis, nikamwinua hadi kwenye tundu. Akapiga chafya, kisha akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye. Nilipogeuka, injinia alikuwa amekwisha panda kiti cha pili, mdomo wazi kama samaki, anagombea upepo uleule.

Baadaye, maji yakipungua, aliipekua kompyuta yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hali ya hewa aliyoiingiza ilikuwa ya mji mkuu. Ndiyo iliyokuwa tayari.

"Si uibadilishe tu?" nikamwuliza.

"Mama, mradi umeshapewa tuzo."

Wenye mradi wakaliona tundu, nikatolewa. Tunaishi kwa mama yangu, nyumba kuukuu yenye kuta zilizojaa matundu, na Dayanis ameanza kutambaa. Nyumba ile waliiziba, wakaiacha tupu. Kwa kuwa sasa haitumii umeme hata kidogo, imefanywa nyumba ya mfano. Wageni huletwa kuitazama asubuhi na mapema, kabla jua halijachangamka.

Mama mwenzangu unayengoja nyumba, epuka haya:

Kupokea ufunguo kabla hujakaa humo mchana wa jua kali, mlango umefungwa.

Dirisha lisilofunguka.

Kuogopa kumuuliza injinia hali ya hewa aliyoipima ni ya wapi.

Kuacha kupika ili uifurahishe nyumba.

Kungoja ruhusa, mtoto akishalegea.