Kopo Kavu

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, fundi alilazimika kwenda kumwaga lile kopo. Lilikuwa kopo la rangi lenye mpini wa waya, na ndani yake mlikuwa na kila kilichokataliwa na kifua cha baba mkwe wake usiku kucha: makohozi mazito, ya kijani, yenye nyuzi, yaliyong'ang'ania ukingoni hata ukilitikisa. Alilibeba mkono umenyooka, uso kaugeuza, pumzi kaibana. Yeye ni mshonaji wa magauni ya harusi. Vidole vyake vimezoea hariri na lulu. Aliona ni uonevu mtupu.

Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini wiki ya tatu. Ni rahisi kumpenda baba yako ukiwa mbali naye.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na pazia katikati. Mbele wateja walipimwa nguo. Nyuma mzee alikohoa, tena si kwa adabu. Ulianza mkwaruzo, ukafuata mvuto mrefu wa kifuani, kisha "khhaaa!", na mwisho, koponi, pwata. Wiki iliyopita mteja mmoja alivua gauni likiwa na pini zake, akaondoka akidai amekumbuka jambo.

Ndipo fundi akaenda kwa mfamasia wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko dawa. Aliuliza kama mzee ana vidonda vya tumbo, kama ana pumu, na dawa gani nyingine anatumia, kisha akatoa chupa.

"Hii inalainisha makohozi ili yatoke," alisema. "Siku za kwanza atatoa mengi zaidi, usishtuke. Umpimie kwa kifuniko hiki, anywe maji ya kutosha, asilale chali. Na usije ukamchanganyia na dawa ya kuzuia kikohozi! Lila na fila havitangamani. Ukiona damu, au pumzi inambana, au siku zinapita bila nafuu, hospitali moja kwa moja."

"Haya, haya, dada," fundi aliitikia akiwa ameshafika mlangoni. Lile neno makohozi peke yake lilitosha kumharibia chakula cha mchana.

Siku ya tatu kopo lilijaa hadi nusu. Fundi alipandwa na hasira. Kanunua dawa ya kuondoa uchafu, imeuzidisha! Na kesho yake saa nne bibi harusi angekuja kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Alifungua kabati, akaiona chupa ya mumewe, ile aliyoandikiwa mwaka jana kuzuia kikohozi kikavu, iliyomlaza kama gogo. Akafikiri kifundi: mshono ukilegea, unapiga wa pili juu yake. Jioni ile akampa mzee dawa zote mbili. Alitumia kijiko cha kulia, maana kifuniko kilikuwa kimegusa mdomo wa mzee na yeye hakutaka kukiosha.

Mzee alikinusa kijiko, akamtazama, akanywa. "Ahsante, mwanangu."

Asubuhi kopo lilikuwa kavu. Fundi alifurahi karibu aimbe, akamwongezea kijiko kingine cha kila dawa.

Saa nne bibi harusi alisimama juu ya kigoda, gauni likimkaa vizuri, na nyumba nzima ilikuwa kimya. Fundi alikuwa na pini mdomoni alipoisikia ile sauti nyuma ya pazia, kama sinki lililoziba.

Alitema pini, akalifunua pazia. Mzee alikuwa amelala chali, midomo imegeuka rangi ya majivu. Kifua kilipanda, kikakoroma, kikashuka, kikohozi hakikuja. Uchafu wote umelegezwa, na mlango wa kutokea umefungwa. Yeye ndiye aliyeufunga.

"Kimbia umwite mfamasia!" alipiga kelele, na bibi harusi akatoka mbio na gauni lake na pini zake.

Fundi alimwinua mzee, akamwegemeza, akamwinamisha mbele. Harufu ya kinywa chake ilimpiga usoni. "Kohoa, baba. Nakuomba, kohoa." Alimsugua mgongo kwa mkono mmoja, wa pili kaukinga chini ya mdomo wake, mpaka kitu kikapasuka ndani, kikamjaa kiganjani, cha moto, kinanata. Hakukiondoa kiganja.

Mfamasia alifika, akaziona chupa mbili kando ya kitanda, akageuka mbio hadi barabarani. Alitafuta gari, wakaenda hospitali.

Alasiri, mrija wa hewa puani, mzee aliweza kuzungumza.

"Ile ya jana niliijua kwa harufu," alisema. "Ni ya mwanangu. Nikajua unataka ninyamaze, wageni wasisikie. Nikaona afadhali. Hata mimi najitia kinyaa."

Machozi yalimtoka fundi.

Kikohozi kilimjia mzee tena. Alitazama vitanda vya jirani, akabana midomo, akajaribu kumeza. Fundi alichukua kibakuli cha hospitali, akamshikia chini ya kidevu.

"Toa, baba."

Akatoa. Yalikuwa ya kijani, mazito, yanachukiza vilevile, na fundi aliyatazama mpaka la mwisho.