Bomba Ndani ya Bimu

Miaka hiyo maghorofa ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka Kariakoo kila kona. Injinia Theopista alirudi kazini siku ya nne baada ya kumzika mama yake huko Rombo. Msibani hakulia, watu walidhani amejikaza, kumbe hakuhisi chochote moyoni.

Aliwasha kompyuta, akaligeuzageuza jengo lililochorwa humo pamoja na mabomba yake yote. Ghorofa ya nne, bomba la maji machafu lilipita katikati ya bimu, boriti ya zege inayobeba sakafu.

“Allan, msimwage zege,” alimwambia fundi mkuu. “Tusogeze bomba kwanza.”

Mzee Tulsidas, mwenye jengo, alishusha pumzi. “Bila kompyuta tungekuja kubomoa!”

“Ndiyo, mzee.”

Bomba likasogezwa, zege likamwagwa.

“Injinia, umekula?” Allan aliuliza.

Theopista alijaribu kukumbuka, akashindwa.