Madirisha ya Kuazima

Mama mwenye mtoto mtu mzima anayejenga kwa vitofali vya plastiki, nakuandikia wewe. Kumcheka tumeshamcheka wengi na hakuna aliyekufa. Ninalokuonya ni hili: usimsaidie. Usiguse kazi yake kwa nia njema, na mgeni wako asiiguse, hata awe ndugu wa damu na mikono amenawa. Nakueleza yaliyotupata ili usije ukasema hukuambiwa.

Mwanangu ni fundi friji. Kazini wanamwita Kimya, na jina limemkaa kama kofia. Anaingia nyumbani kwa mtu, analisikiliza friji, analitengeneza, anasema "tayari," anaondoka. Hata mimi mama yake maneno yake nilikuwa nayaokota mojamoja, kama kuku anavyookota mchele uliomwagika. Umri wa kuwa na mke umeshampita mlangoni akapungiana nao mkono. Chumbani kwake kuna rafu, na kwenye rafu kuna makopo yaliyojaa vile vitofali vya kuchezea, vyenye vinundu juu, vinavyobanana vyenyewe. Hakuvipanga kwa rangi kama ambavyo mimi na wewe tungepanga. Kavipanga kwa umbo: bapa peke yake, vya mteremko peke yake, vya bawaba peke yake. Nikamuuliza kwa nini.

"Rangi jicho linaiona lenyewe, Mama. Umbo ndilo linajificha."

Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Hofu yangu haikuwa vitofali, ilikuwa mtandao. Akitoka kazini anaoga, anakula, anafungua kompyuta, na uso unamng'aa kama mtu aliyepokewa na wageni wake. Mimi nimesoma shule ya msingi basi, lakini redio nasikiliza, na kila siku wanasema watu wa mtandaoni ni matapeli. Nikajisemea, huyu mtoto asiyeongea wamempata, watamchuna mpaka soksi. Siku moja nikavuta kigoda nikakaa kando yake, nikamwambia nionyeshe hao watu wako.

Akanionyesha, na sitaki kukudanganya, nilishangaa. Kuna tovuti ambamo kila kipande kilichowahi kutengenezwa kina picha yake na namba yake, na mwaka kilipoanza na mwaka kilipoachwa, kama cheti cha kuzaliwa na cha kifo. Na hakuna anayelipwa kuandika hayo. Ni watu tu, mmoja anapima, mwingine anapiga picha, wa tatu anasahihisha. Kuna programu ya bure unajenga nyumba nzima kwenye kioo cha kompyuta kabla hujashika kipande, na ukiweka ukuta unaoelea hewani inakukatalia. Kuna mzee amejirekodi akifundisha kupinda tao la mlango, anarudia taratibu mara tatu bila kukereka, wakati mwalimu wangu wa hesabu alikuwa akirudia mara moja, ya pili ni fimbo.

Na kuna jukwaa lao, mahali pa kuulizana na kujibizana. Hapo ndipo nilipomwona mwanangu. Yeye asiyesema sentensi mbili mezani, kule ameandika maelezo marefu, na mizaha ndani yake. Wanamwita Fundi Paa, kwa sababu hakuna anayemshinda kwa mapaa ya mteremko. Mtu kutoka sijui wapi, wanaamka sisi tukilala, anamuuliza paa langu linavuja mwanga nifanyeje, naye anamjibu kwa upole mpaka mtu anaelewa. Niliomba anisomee moja. Alisoma akiona haya, masikio yamemwiva. Nikajua basi, matapeli hawako hapa, na marafiki wa mwanangu nimewapata.

Mwaka huo alikuwa anajenga kiwanda cha nguo, kile nilichofanyia kazi ujana wangu kabla hakijafungwa. Alikuwa akiniuliza mashine zilikaaje, mlango wa kuingilia zamu uko upande gani, ngazi ya msimamizi ilianzia wapi. Tuliongea kuliko miaka yote tangu azaliwe. Nilipoona mashine yangu, ndogo kama kiberiti, imekaa palepale chini ya nguzo, nilikwenda jikoni nikajifanya nakuna nazi.

Kikabaki kitu kimoja, madirisha ya paa. Kiwanda kile paa lake lilikuwa kama meno ya msumeno, na kila jino lilikuwa na kioo cha mshazari. Kipande cha namna hiyo kiliachwa kutengenezwa zamani. Akauliza jukwaani, na akajibiwa na mama mmoja wa mji wa pili, mstaafu wa duka la dawa, wanayemwita Bi Kioo kwa kuwa amekusanya vipande angavu vingi kuliko wote. Akasema atamwazima, amrudishie siku ya maonyesho yao, yatakayofanyika ukumbi wa maktaba. Madirisha yakaja kwa basi, mwanangu akayapachika.

Hapa ndipo usikilize vizuri. Kwao kuazima hakuna karatasi wala shahidi. Ni neno tu, limeandikwa mbele ya wote: nimepokea, nitarudisha kama kilivyo. Anayerudisha anaaminiwa na wote. Asiyerudisha hafukuzwi wala hatukanwi, ila akiuliza swali hakuna anayejibu. Na amri yao nyingine ni kwamba hakuna gundi. Kitu kijengwe kisimame kwa kubanana chenyewe, na siku ya kukivunja kila kipande kitoke kikiwa hai. Ukitia gundi, kwao umekizika.

Mimi nilikuwa nayajua hayo. Wifi yangu hakuyajua.

Wifi, dada wa marehemu mume wangu, ni mtu wa mikono. Hajui kukaa. Ukimwambia subiri nikuletee chai, utakuta ameshaosha sufuria utakayochemshia. Alikuja kututembelea, maonyesho yakiwa keshokutwa. Kimya yuko kazini, mimi nikatoka kwenda kununua mboga. Niliporudi nilikutana na harufu mlangoni, harufu ya supaglu, ile ya kichupa kidogo inayoshika mpaka vidole. Wifi anatembea nayo kwenye mkoba kwa ajili ya soli za viatu.

Nilimkuta mbele ya kiwanda, amevaa miwani, anapuliza paa likauke.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimemwokoa baba yangu na aibu," akasema, maana mtoto wa kaka yake yeye humwita baba. "Nimegusa kidirisha kikachomoka. Kugusa tu. Barabara ile ilivyo na mashimo, angefika na kiwanda au na unga? Nimeyashikisha yote kwa gundi. Sasa hata ukikipiga teke."

Alikuwa anacheka, meno yote nje. Miaka nilikuwa namlinda mwanangu na wezi wa mtandaoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na wa nguoni mwenyewe ni wifi yangu, na amenibebea ndizi.

Kimya alipoingia hakuhitaji kuambiwa. Alisukuma dirisha moja kwa ukucha wa dole gumba, kisha la pili. Hakupandisha sauti.

"Shangazi, haya si yangu."

"Ni ya nani?"

"Nimeazima."

Wifi akakaa chini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa bila kuambiwa.

Nikasema neno ambalo mama yeyote angelisema. Nikamwambia, mwanangu, si unyamaze kwanza mpaka maonyesho yaishe, halafu tutatafuta la kumwambia huyo mama, na kunyamaza wewe unakujua. Akanitazama.

"Nikinyamaza na huku, Mama, nitakuwa nimenyamaza kila mahali."

Akafungua kompyuta akaandika wazi, mbele ya wote, pamoja na Bi Kioo. Kwamba madirisha yametiwa gundi, kwamba hakutia yeye lakini yalikuwa mikononi mwake, na kama kuna anayejua njia ya kuyatoa amsaidie. Shangazi hakumtaja. Kisha tukakaa tukitazama kile kioo kama watu wanaongoja majibu ya hospitali.

Yalianza kuingia. Mmoja akasema pole. Mwingine akataka picha, aone gundi ilipoingia. Bi Kioo hakuandika kitu. Wifi naye hakuweza kutulia, alikuwa ameshakwenda kwa jirani kuazima dawa ya kutolea rangi ya kucha, amerudi na pamba mkononi. Alikuwa amefungua kifuniko pale mtu mmoja, mtengenezaji wa meno bandia, alipoandika kwamba vyovyote iwavyo wasimwagie dawa ya kucha, kwani itakula plastiki pamoja na gundi. Kimya alimshika shangazi yake mkono, taratibu, akamfungia kichupa. Mtengeneza meno akaendelea: gundi ile inaogopa baridi. Ikigandishwa sana inakosa nguvu, inakatika kama biskuti. Je, huko uliko unaweza kupata friza?

Kimya akasoma mara mbili, halafu akacheka. Akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Watu wa dunia nzima wanamwuliza fundi friji kama anaweza kupata friza.

Asubuhi tulikwenda karakana kwake, wote watatu, tumelibeba lile paa kwenye trei. Alikuwa na friza la mteja lililopona, linangoja mwenyewe. Akaliweka paa ndani, akazungusha baridi mpaka mwisho. Wifi aliambiwa ashike tochi, na ashike tochi tu. Paa lilipotoka limefanya ukungu mweupe, Kimya akaanza, dirisha kwa dirisha, kwa kikabari chembamba cha plastiki ambacho wale watu walimwambia akichonge, maana chuma kingekwangua. Anapinda kidogo, anangoja, anapinda tena. Tak. Limetoka. Tak. Lingine. Mawili yalipasuka kwenye kona, na kila yalipopasuka wifi aliomba msamaha kwa sauti ndogo, kama vile yamemsikia.

Mengine yalitoka mazima, lakini hayakuwa angavu tena. Mvuke wa ile gundi uliyaachia utando, kama jicho la mzee. Kimya aliyafuta na yakabaki vilevile. Akayafunga kwenye kitambaa, na yale yaliyopasuka akayafunga pembeni.

Siku ya maonyesho nilivaa vizuri nikaenda naye. Kama umewahi kuwaita hao watu watoto, nenda siku moja ukawaone. Nilimwona dereva wa lori amejenga daraja linalofunguka, na daktari wa macho amepiga magoti sakafuni anatafuta kipande kisichozidi punje ya mahindi. Kiwanda changu kilikaa kwenye meza ya katikati, paa likiwa na mashimo wazi. Watu walikizunguka wakiniuliza habari za mashine, nami nikajibu kama msimamizi.

Kisha akaja Bi Kioo. Mfupi, na fimbo, vidole vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Mwanangu alimwamkia, akakunjua kitambaa. Nilitaka kumsemea. Nilijibana ulimi kwa meno.

"Niliahidi kukurudishia kama yalivyo," akasema. "Hayako kama yalivyo. Mawili yamevunjika, haya mengine yameingia ukungu. Nilipaswa kuyafungia, sikuyafungia. Sina mengine ya kukupa."

Alisema yote hayo kwa mdomo, mbele ya watu.

"Uliyoandika nilisoma," Bi Kioo akajibu. "Nilikaa kimya nione kama mdomo wako utasema walichosema vidole vyako. Wengi wa humu ni mashujaa wa kuandika."

Akainua dirisha moja kwenye mwanga wa taa, akaligeuza. Halafu akanigeukia mimi. "Mama, ulifanya kazi humu ndani?"

Nikamwambia ndiyo.

"Vioo vya juu vilikuwa safi?"

Nikaikumbuka pamba iliyokuwa ikiruka mle mpaka kwenye kope zetu. "Havikuwahi kuwa safi hata siku moja," nikasema. "Tulikuwa hatujui kama nje kuna jua au mvua."

Akamrudishia mwanangu kitambaa, akamwambia ayapachike yote yaliyo mazima, mahali pake, bila gundi. Ayaache hapo. Mashimo mawili yabaki wazi, kiwanda kilichofungwa hakikosi kioo kilichovunjwa. Lakini akasema pia, na hakuwa anatania, kwamba kisichorudi kinalipwa, na kwao hakilipwi kwa fedha. Alipohama nyumba wapagazi walimmwagia makopo yake yote, maisha yake yote ya kukusanya, yakachanganyika kwenye magunia, na vidole vyake haviwezi tena kuokota.

"Unapanga kwa rangi au kwa umbo?" akamuuliza.

"Kwa umbo."

"Basi Jumamosi uje."

Jumamosi akaenda, na inayofuata, na bado anaenda, magunia hayajaisha. Wanakaa wawili, yeye anaokota na Bi Kioo anasimulia kila kipande kilitoka wapi, na wanabishana, na wanachoafikiana wanakiandika kwenye ile tovuti ya namba ili wengine wakikute. Jioni anarudi sauti imekauka kwa kuongea, ananiomba maji.

Wifi naye anataka kupelekwa kuwasaidia. Nimemwambia anawe mikono, aache mkoba kwangu, na kwanza aulize.