Kila Kiti na Sentensi Yake

Karani wa stoo ya hospitali yetu tulimwita Profesa, naye akadhani tunamsifu. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyeanza.

Ninapiga pasi katika chumba cha dobi, mwaka wa kumi na tisa huu tangu mume wangu atangulie mbele za haki. Mke wa mwanangu alikuwa chumba hichohicho, upande wa mashine za kufulia, kibarua pamoja na wenzake saba. Mwaka huu uongozi ukabandika tangazo mlangoni: kibarua atakayejibu maswali machache ya Kiingereza mbele ya metroni ataajiriwa kwa kudumu, na atakayeshindwa, kazi yake inaishia mwisho wa mwezi. Mwanangu alikuwa nyumbani na mguu kwenye plasta, wajukuu wawili wako shule. Kazi ya yule binti ndiyo iliyokuwa inawasha jiko lao.

Profesa akajitolea kuwafundisha, bila kuombwa na mtu. Saa ya chakula cha mchana anaingia chumba cha pasi na ubao mdogo kwapani na kalamu tatu kifuani, mbili hazina wino. Najua, koti lake linapita mikononi mwangu. Akapanga viti vinane mstari mmoja.

Somo lenyewe lilikuwa dogo. Alisema kitenzi “have”, yaani kuwa na kitu, hugeuka kikawa “has” akitajwa mtu mmoja wa pembeni. Lakini kikitanguliwa na “can”, “may”, “must” au “should”, hakigeuki tena, awe mimi, awe yeye, awe kuku. Hapo alisema kweli, na ilimchukua dakika tatu. Angekunja ubao wake akaondoka siku ile, ningemwombea heri mpaka leo.

Hakuondoka. Aligawa sentensi kama mtu anayegawa sabuni, kila kiti kipande chake. Kiti cha kwanza kikapata sentensi ya chai. Cha pili kikapata “She may have a book”, yule dada anaruhusiwa kuwa na kitabu. Mke wa mwanangu, kiti cha sita, akapewa “He must have a ticket”, yule bwana lazima awe na tiketi. Bwana gani, anasafiri kwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Wiki tatu wakaimba kwa zamu, mmoja akimaliza anamgusa mwenzake kiwiko, na Profesa anatembea mbele yao mikono nyuma, utadhani amewazaa yeye.

Siku moja wa kiti cha nne alikwenda kliniki. Wa tatu akamaliza, akagusa hewa, mstari wote ukanyamaza. Wa tano alikataa katakata kusema kwa sababu hajaguswa. Profesa akaahirisha somo. Mimi nikaiweka pasi chini, nikatoka nje nikacheka kwa heshima.

Baadaye, tulipokuwa tunakunja mashuka makubwa, mimi pembe zangu na mkwe wangu pembe zake, nikamwambia huyo mtu hajamfundisha kuongea, amemkabidhi tiketi tu. Akanijibu bila kuniangalia.

“Mama, tafadhali. Wewe umeishia la saba. Mwenzio amesoma chuo.”

Ilinichoma, sisemi uongo. Nikavuta shuka jingine, maana ningejibu saa ile ningetubu wiki nzima. Tukakunja mashuka mawili. La tatu, tulipokutana katikati pembe kwa pembe, nikamuuliza pole pole, kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi, kitanda kinatakiwa kiwe na nini. Akafungua mdomo. Ikatoka tiketi.

Akanitazama. Akacheka kidogo, halafu macho yakajaa maji.

“Mama, kumbe sijui kitu.”

“Unajua, mwanangu. Lile neno umeshapewa, na haligeuki. Wewe badilisha vitu tu. Haya, shika pembe.”

Kuanzia hapo kila shuka likawa swali. Mgonjwa anaweza kuwa na nini, nesi lazima awe na nini, mtoto mchanga anatakiwa awe na nini. Blanketi, foronya, maji ya moto, nguo kavu. Akikosea tunalikunjua, tunaanza upya. Mchana aliendelea kukaa kiti cha sita na kuimba tiketi yake, asije akamvunjia mtu heshima. Mimi nisingeweza.

Siku ya mtihani ikafika. Profesa alisimama mlango mkubwa na koti lililonyooka, amejiandaa kumpokea metroni na kumwonyesha kiti cha kwanza. Metroni alitokea wodi ya wazazi akapita mlango wa nyuma, ule wa kuingizia nguo chafu, akavuta kigoda, akaanzia kiti cha nane.

Wa nane aliulizwa kitanda kimoja kinatakiwa kiwe na mashuka mangapi. Akasubiri kuguswa kiwiko. Swali likarudiwa. Akajibu kwa sentensi ya kiti chake, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba yeye anatakiwa awe na baiskeli. Wa saba aliulizwa nesi lazima awe na nini kabla ya kusafisha kidonda. Huyu aliona mstari umepinduka na yeye sasa ni wa pili, basi akasema ya kiti cha pili: anaruhusiwa kuwa na kitabu. Kasoro ya kitenzi haikuwepo hata moja. Metroni aliandika.

Kikafika kiti cha sita. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, metroni akauliza, lazima awe na nini? Nyuma yake Profesa akaanza kukohoa, na midomo inachora tiketi waziwazi. Mkwe wangu akamtazama. Nikaishika pasi kwa mikono miwili nikamwita Mungu wangu kimyakimya, maana tiketi ile ingetoka tu, kazi imekwenda.

“He must have a clean sheet,” akasema. Shuka safi. Halafu akaongeza bila kuulizwa, “And he should have a blanket.”

Metroni akainua kichwa. Akamuuliza mengine matatu, na kila swali likapata kitu chake.

Barua ya ajira ilikuja moja. Wale saba wakapewa wiki mbili warudie. Profesa alizunguka korido zote akisema huyo aliyefaulu ni matunda ya mbinu yake, na hao wengine waliponzwa na metroni kupita mlango usio wake. Mkwe wangu alimshukuru kwa adabu mbele ya watu. Mimi niliendelea kupiga pasi.

Kesho yake saa ya chakula mkwe wangu akawaita wenzake waje mezani kwetu wakunje mashuka. Profesa naye akaja, ameshapata dawa: aligeuza viti vyote vikatazama mlango wa nyuma, akavipa namba upya. Watano wakaja kwetu wakashika pembe. Wawili wakakaa vitini, mikono magotini, wakasubiri kugawiwa.