Mlango Aliofungua Babu

Mume wangu Kombe alitaka kuondoka na mwanangu Fondo Jumapili ile ile, safari ya Malaba mpakani, na mimi sikutaka. Ndivyo ugomvi ulivyoanza, mezani, wali wa nazi ukiwa bado unatoa moshi.

"Tanboi wangu amekimbia," alisema, akimaanisha utingo wake. "Huyu kijana ataingia kwenye lori badala yake."

"Huyu kijana ana jina," nikamwambia. "Na wiki ijayo ana mitihani."

"Mitihani haitamsaidia tena."

Hilo neno "tena" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mume wangu ni dereva wa trela, anabeba makontena kutoka bandari ya Kipevu. Tangu mtoto wetu azaliwe alikuwa akimwita "baba", kama Mgiriama yeyote aliyempa mwanawe jina la babake. Kisha, miaka sita iliyopita, babake huyo, Mzee Fondo, akauawa kwa panga nyumbani kwake Kaloleni, akazikwa na uvumi kwamba alikuwa mchawi, na hakuna aliyekamatwa. Tangu siku hiyo mtoto akawa "wewe kijana", na mimi sikuitwa tena Mama Fondo. Nilidhani ni uchungu wa kufiwa. Nilimwonea huruma mtu yule! Nilimpikia supu!

Sasa Fondo alikuwa amempigia simu baba yake mkubwa, Changawa, kumweleza kwamba babu anamjia ndotoni na kulalamika kuwa ameachwa nje. Kwetu jambo hilo halipuuzwi. Changawa akaamua mzee apandiwe koma, kile kigingi cha mti cha kumkumbuka marehemu, na wanawe wote wawepo. Kombe, ambaye kanisani husinzia mpaka sadaka ipite, ghafla akawa mlokole.

"Nyumba hii imeokoka," alifoka. "Nani anakuotesha ushetani?"

"Babu," Fondo akajibu, huku akitafuna.

"Babu yako amekufa."

"Ndiyo maana anakuja usingizini. Angekuwa hai angepanda matatu."

Nilicheka. Kombe hakucheka. Alimzaba kofi, kijiko kikaruka hadi kwenye friji.

"Mguse tena uone," nikasema. Fondo hakulia, na hilo lilinitisha kuliko kofi lenyewe. Nikamgeukia. "Sema yaishe. Babu anasema nini?"

Fondo alimtazama babake. Ana macho ya mzee yule, na hata ile tabia yake ya kuinua kidevu kabla ya kunena.

"Anasema: Kombe, nilifungua mlango kwa sababu niliijua sauti yako."

Likizo ile mzee alipouawa, Fondo alikuwa kwa babu yake. Sote tulijua. Tulimshukuru Mungu kwamba alikuwa amelala chumba cha ndani, hakusikia kitu. Kombe naye alituambia alikuwa njiani kwenda Malaba.

Kombe aliweka viganja juu ya meza. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya mtoto anayekaripiwa.

"Nilikuomba mara ngapi, baba? Nilikuomba kwa heshima. Shamba lote lile, na wewe unafugia mbuzi watatu!"

Miaka sita hajamwita baba, na siku anamwita ni hiyo.

Nilitazama sakafu. Vigae vyeupe, nilivyovichagua mwenyewe dukani Nyali shamba la mzee lilipouzwa. Nimevipiga deki kila asubuhi, nikiringa mbele ya majirani zetu hapa Magogoni.

Kombe akazinduka. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alifuta mdomo, akasema polepole, "Kijana, jitayarishe. Navaa viatu tuondoke." Akaingia chumbani.

Funguo za lori na za mlango zilikuwa juu ya friji. Nikazinyakua. Nilipogeuka, Fondo alikuwa ameshashika panga la madafu. Nikamkamata shati, nikamburuta nje, nikavuta mlango wa vyuma na kubana kufuli. Madirisha yote yana vyuma. Nilivitia mimi, kwa kuogopa wezi.

"Mama, nipe ufunguo."

"Nitakupa kofi la pili la leo. Lete panga."

"Nilikuwa chini ya kitanda! Nilimsikia babu akimwita jina! Miaka sita nakula naye sahani moja!"

"Na mimi nalala naye kitanda kimoja. Unadhani hasira ni zako peke yako? Ukimuua, yeye atapumzika. Wewe ndiye nitakayekupelekea sabuni gerezani Shimo la Tewa mpaka nizeeke. Lete hapa!"

Alinipa. Nikalitumbukiza kwenye pipa la maji, kisha nikampigia Changawa.

"Shemeji, koma ingoje. Njoo, na upitie kituo cha polisi. Aliyemuua baba yenu nimemfungia nyumbani kwangu."

"Nani?" akauliza. Hakungoja nimjibu. "Nakuja," akasema, akakata simu.

Kombe alikuja mlangoni na viatu vyake vya safari. Alivuta vyuma, akavitikisa, akapiga teke. Halafu akalegeza sauti.

"Nyamvula, fungua. Mimi ni mume wako. Hunijui?"

"Nakujua. Baba yako pia alikujua, akafungua."

Alinikodolea macho. Kisha akanipita kwa macho hayo hayo, akamtafuta mwanangu nyuma yangu, akapiga magoti juu ya vigae vyangu.

"Baba," alisema, akilia. "Nifungulie, baba."

Fondo akapiga hatua mbele. Ile mikono yake iliyotaka panga sasa ilikuwa wazi, haijui pa kwenda. Nikatia funguo kwenye sidiria, nikaketi kizingitini katikati yao.

"Usimwitikie," nikamwambia. "Wewe si baba yake. Wewe ni mtoto wangu."