Mkono Umehama

Bega la kulia la kinyozi aliyeitwa Wembe lilikuwa limekwisha. Daktari alisema mkono ule hautainuka tena kupita kifua, na kinyozi asiyeinua mkono ni jiko lisilo na moto. Mwenye saluni, mama wa maneno machache, alimpa wiki tatu.

"Jumamosi ya tatu utanyoa mtu mbele yangu kwa mkono wa kushoto. Ikitoka damu, kiti nampa mwingine."

Wembe alikuwa na miaka hamsini na moja, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia nyuma ya kiti kile. Hakulia. Alikwenda kununua maputo.

Alilipuliza la kwanza, akalifunga kwenye kiti cha jikoni, akalipaka povu, akashusha wembe. Pa! Povu likamrukia mpaka puani. Mkewe, fundi cherehani, alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Baba watoto, umeua mteja!"

"Huyu alikuja tayari mgonjwa."

Pa! Pa! Siku tisa nyumba ililia kama uwanja wa vita. Akajaribu kidevu chake mwenyewe, akatoka na mikwaruzo kama aliyegombana na paka.

"Walisema kinyozi hajinyoi," mkewe akamwambia, "wewe ukadhani wanatania."

Siku ya kumi mkewe aliacha cherehani, akamtazama vizuri.

"Mbona unajipinda kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani? Mkono umehama, miguu haijahama."

Wembe akatazama chini. Kweli tupu. Alikuwa amesimama upande wa kulia wa kiti, palepale alipozoea miaka yote. Akazunguka, akasimama kushoto, akavuta wembe. Povu likaondoka, puto likabaki, jekundu, linang'aa kama tunda lililooshwa.

"Lete jingine!" akapiga kelele.

Likapona. La tatu likapona. Kuanzia hapo hakushikika. Alifungua mlango kwa kushoto, akapiga mswaki kwa kushoto, akammwagia mkewe chai mapajani kwa kushoto, akaomba radhi huku anacheka. Alfajiri alikuwa macho kabla ya jogoo, anawahi kupuliza.

Jumamosi ikafika, na hakuna mteja aliyetaka kutoa shingo yake. Ndipo akaingia shemeji yake, kaka wa mkewe, akajitupa kitini.

"Ninyoe, shemeji. Lakini ukinichinja, dada yangu namchukua leo leo."

"Mchukue na cherehani yake. Sasa funga mdomo."

Akampaka povu. Shavu. Taya. Wembe ukashuka kooni, taratibu, chakacha, chakacha, na jasho likimtiririka mgongoni. Alipomaliza, mwenye saluni alichukua taulo jeupe, akampangusa shemeji uso mzima, akalikunjua mbele ya dirisha. Jeupe.

"Kiti chako," akasema.

Watu wakapiga makofi. Sifa zikampanda Wembe kichwani.

"Tulia, shemeji, nikutengeneze na nyusi!"

Hakuna aliyemwomba. Shemeji alipojitazama kwenye kioo alitoa sauti ambayo hata maputo hayakuwahi kuitoa. Lakini damu haikutoka, na neno la mwenye saluni halirudi nyuma.

Gharama yote ikawa hii: maputo arobaini na matatu, makopo manne ya povu, wiki tatu bila mshahara, na nyusi moja ya shemeji, ile ya kushoto.