Picha Katika Kompyuta ya Marehemu

Bi Hija hakuja kwa ubaya siku alipoziona zile picha. Alikuja na bakuli la uji wa mchele uliokolea pilipili manga, amletee mkwewe Munira, aliyekuwa ndani ya eda na ambaye, kwa maoni ya Bi Hija, alikuwa halishwi vya kutosha. Ilikuwa Juni ya mwaka tisini na tisa, siku mbili baada ya arobaini ya Mudathir. Mudathir alikuwa mtoto wa kwanza wa Bi Hija na mume wa Munira. Alitoka asubuhi kwenda kazini bandarini, akarudishwa saa saba mchana amefunikwa shuka.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, kwenye meza ya dirishani, palepale Mudathir alipoiweka siku aliyoileta hapa nyumbani Chang'ombe imeviringishwa blanketi, chakavu, ofisi yao iliponunua mpya. Munira alikuwa ameiwasha asome barua za zamani za mumewe. Ghafla katikati ya kioo likafunguka dirisha dogo, na ndani yake mwanamke kajilaza, nguo aliyovaa haifiki hata leso ya mkononi. Munira akalifunga. Yakafunguka mawili. Akayafunga hayo, ikaja picha ya meza ya kamari, na nyuma yake wanawake wengine watatu wasioona haya hata kidogo.

Bakuli halikuanguka. Bi Hija si mtu wa kuangusha vyombo. Aliliweka chini taratibu, akasimama nyuma ya kiti cha mkwewe.

"Waya wa simu uko wapi?" aliuliza. Alijua mambo kuliko walivyomdhania. Mwanawe alikwisha kumweleza kuwa mashine ile huongea na dunia kwa waya wa simu.

"Nimeuchomoa, mama. Tangu jana."

"Basi hizo picha hazitoki nje. Zimo humuhumu. Na mwenye chombo alikuwa mmoja."

Kwa mtu asiyewahi kushika kompyuta ilikuwa hoja nzito, na wako mawakili mjini hapa wanaolipwa kwa hoja nyepesi kuliko ile. Bi Hija akafunga mtandio wake, akatoka, na uji ukapoa.

Kila Ijumaa tangu mazishi, Bi Hija alikuwa akiwakusanya wanawake watano sita nyumbani kwake, nyumba ya pili kutoka pale, kumsomea Mudathir Yasini. Ijumaa ile hakumwita mtu. Ijumaa iliyofuata vilevile. Majirani walipomuuliza alisema anaumwa mgongo, na mgongo wake ulikuwa mzima kama wa msichana. Jambo lililomuuma zaidi Munira ni kwamba mama yule hakumtaja tena mwanawe. Zamani kila kitu kilikuwa Mudathir: Mudathir alipenda hiki, Mudathir angecheka kile. Sasa jina lilikuwa limekatwa kabisa, na badala yake akaleta amri kupitia kwa bintiye Tabu, aliyekuwa akikaa na Munira, kwamba dude lile litoke katika nyumba kabla ya mwisho wa mwezi, likatupwe.

Munira mwenyewe, tuseme kweli, hakuwa na uhakika. Alilala na mwanamume yule miaka tisa. Alimjua anavyokoroma na anavyodanganya kuwa ameshiba pale chakula kinapokuwa kidogo. Lakini kuna saa alikuwa akikaa kuitazama mashine iliyozimwa na kujiuliza mumewe alikuwa akitazama nini jioni zile alizosema anaandika ripoti. Kisha anajichukia kwa kuuliza. Marehemu hawezi kuulizwa, na hawezi kujitetea. Ndiyo maana kumshuku kunauma namna ile.

Alipochoka aliomba ruhusa. Alitaka fundi Fredrick aje. Fredrick alikuwa Mmakonde wa Newala mwenye kibanda cha kutengenezea redio na kompyuta karibu na viwanda, rafiki wa Mudathir tangu ujana, na ndiye aliyeiunganisha mashine ile mara ya kwanza.

"Mwanamume aingie kwenye eda?" Bi Hija alimuuliza. "Aje kufanya nini? Kufuta ushahidi?"

"Haingii, mama. Atakaa kibarazani, nje ya dirisha, na pazia litashushwa. Mie nitakuwa ndani na Tabu. Atasema, mie nitafanya."

Bi Hija alifikiri sana. "Tabu asiondoke hata kwenda chooni," alisema mwishowe.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatano ya tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi, Fredrick alikaa juu ya kigoda kibarazani akiwa ameupa mgongo ukuta, fundi asiyeiona kazi yake. Ndani, Munira alikaa mbele ya kioo na kanga yake nyeupe, Tabu pembeni akichambua mchele. Kati yao palikuwa na pazia la maua, na mtu akipita nje angedhani Fredrick anaongea peke yake.

"Shemeji, pole tena na tena," Fredrick alisema. "Sasa mie sioni kitu, we ndo macho yangu. Usibonyeze chochote kabla hujaniambia kimeandikwa nini. Umesikia? Chochote."

Munira alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kusoma kwa sauti alikuwa anakuweza. Fredrick alimwelekeza afungue orodha ya programu zote zilizomo, akazisoma moja baada ya nyingine. Kila aliyoitaja Fredrick aliitikia "hiyo yetu", "hiyo niliiweka mie", "hiyo ya ofisini kwao, iache". Walipofika ya saba Fredrick akamkatiza.

"Kadi za salamu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Ina picha ya waridi."

"Hiyo siijui. Itoe."

Munira akabonyeza penye kuondoa. Likaja dirisha la kumuuliza kama ana hakika, na alikuwa nayo. Likaja la pili, limeandikwa kwa maneno matamu, likimwomba abaki na zawadi na nafuu za bei, na jibu la ndiyo limepakwa rangi, la hapana liko chini limejikunyata.

"Hapo ndo wanapowakamata watu," Fredrick alisema. "Wanakuuliza kistaarabu mpaka unaona aibu kukataa. We bonyeza hapana. Kompyuta haina kununa."

Wakaizima, wakaiwasha. Walisubiri, Tabu akiwa ameacha mchele wake. Dakika ya nne yule mwanamke wa leso akajitokeza tena, amejilaza vilevile kana kwamba hakuna aliyemfukuza.

"Yarabi!" Munira alisema, na machozi yakamtoka. "Hazitoki. Fredrick, hazitoki."

"Tulia, shemeji. Ina mwenzake. Hizi zinakujaga mbilimbili. Moja inakupa kadi ya bure, nyingine inapita nyuma na shehena yake ya matangazo, inaishusha ndani ya mashine, inalala wiki mbili tatu usiishuku, kisha hata ukichomoa simu inazo za kukuonyesha wiki nzima. Na kila ukiwasha inaamka nayo. Sasa tuifuate ilikolala."

"Nikikosea je? Barua zake zote zimo humu."

"Barua za braza zina folda lake, hatuligusi. Mie nimekwambia usibonyeze bila kunisomea. Nisomee jina na tarehe iliyoingia."

Ilichukua nusu saa. Munira alisoma majina yasiyo na maana, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na Fredrick nje ya pazia alisikiliza macho ameyafumba. Jina moja akamwambia alirudie. Kisha akauliza tarehe.

"Tarehe kumi na tano, mwezi wa tano, tisini na tisa."

Nje, kigoda kikasogezwa karibu na dirisha.

"Chini kwenye kona ya kioo," Fredrick alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, "kompyuta inasema leo tarehe ngapi?"

"Kumi na sita, mwezi wa sita. Ni sawa, ndiyo leo."

"Basi saa yake haikosei. Shemeji, braza tulimzika tarehe ishirini na tatu mwezi wa nne. Mie mwenyewe nilishika koleo." Alikohoa. "Huu uchafu umeingia yeye ana wiki tatu kaburini. Siyo wake. Kwa Mungu, siyo wake."

Tabu aliruka na ungo, mchele ukamwagika sakafuni, akamkumbatia wifi yake huku analia na kucheka. Munira naye alicheka. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Kisha ikashuka yote kwa mara moja, kwa sababu alikuwa ameikumbuka tarehe kumi na tano.

Barua za mumewe zilikuwa zikiendelea kuja. Hilo hakumwambia mtu. Watu wa Muskati, wa Mombasa, wa Tanga, wenzake wa kazi za meli, walikuwa wakimwandikia kwa kompyuta: Mudathir, habari za siku nyingi; Mudathir, mbona kimya. Munira alikuwa akiunganisha simu wakati Tabu ameenda sokoni, anazifungua, na kumjibu kila mmoja: mwenzenu amefariki. Wengi wao walikuwa wanaume asiowajua. Alijua si adabu ya mtu aliye ndani ya eda. Lakini kila barua mpya iliyoanza na jina la mumewe ilitoka kwa mtu ambaye kwake Mudathir bado alikuwa mzima, na Munira alikuwa akiiacha bila kuijibu kwa dakika kumi, ishirini, amwache mumewe aishi kidogo zaidi.

Tarehe kumi na tano rafiki mmoja aitwaye Salumu, wa Muskati, alimletea kadi ya rambirambi. Ili ifunguke ilitaka kwanza iwekewe programu yake. Likaja swali, akajibu ndiyo. Likaja jingine, ndiyo. Maswali matano au sita yalimjia na yote aliyaitikia bila kuyasoma. Wiki tatu nzima alikuwa amekaa juu ya jamvi akipokea mikono ya watu, anawajua hawajui, na mfiwa hamrudishi mtu aliyekuja kumpa pole. Aliipokea na ile kadi hivyohivyo. Likachanua waridi, likapiga muziki, akalia, akazima.

"Msiba unaingiza watu wengi," Fredrick alikuwa akisema huko nje. Hakuwa mjinga, pengine ule ukimya wa ndani alikwisha kuuelewa. "Labda mtoto wa watu aligusagusa. Ishu imeisha. Futa hiyo shemeji, na ile ya chini yake."

"Ndo hivyo, watoto," Tabu alidaka. "Walijaa humu ndani. Tutamwambia mama hivyo."

Munira akafuta. Wakaizima na kuiwasha, wakasubiri robo saa nzima. Kioo kilibaki safi. Fredrick akamwachia masharti yake: cha bure asikiingize kabla hajasoma maandishi yote, vijisanduku anavyovikuta vimetiwa alama tayari aanze kwa kuondoa hizo alama, na asilolielewa, jibu lake ni hapana. Kisha akaaga na kwenda zake, na asante yake alipewa kwenye kikapu, maandazi kumi na mawili ya moto.

Bi Hija alikuja baada ya alasiri. Alikaa mlangoni, si ndani, kama mtu aliyekuja kusikia matokeo ya hospitali. Tabu ndiye aliyeanza. Alieleza tarehe, saa ya kompyuta, koleo la Fredrick, vyote kwa pupa, kisha akafika kwenye mtoto wa watu.

"Mtoto gani?" Bi Hija aliuliza.

"Mtoto tu, mama. Siku za msiba."

"Wiki tatu baada ya maziko watoto walikuwa wamekwisha ondoka. Nitajie jina lake."

Tabu akamtazama Munira. Munira aliona wazi kwamba uongo ule ungemkinga yeye na kumwacha Mudathir nusu mchafu, maana mama yake angeendelea kumtafuta mtoto asiyekuwepo mpaka arudi palepale alipoanzia.

"Ni mie, mama," alisema.

Akasema yote. Barua, simu aliyoiunganisha kwa siri, wanaume aliowajibu akiwa ndani ya eda, kadi ya Muskati, ndiyo zake zote. Hakulia. Alisema akiwa ametazama mikono yake, akisubiri aambiwe afungashe vitu vyake eda ikiisha.

"Uliwajibu wangapi?" Bi Hija aliuliza.

"Thelathini na wanne."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba amefariki. Na kwamba wamwombee."

Bi Hija akavuta pindo la mtandio wake, akajifuta uso.

"Watu thelathini na wanne wasio ndugu zake wamemwombea," alisema. "Na mie wiki mbili hizi, kila nikisujudu, nimekuwa nikimwambia Mungu amsamehe mwanangu kwa uchafu wake. Kwa jina lake na la baba yake. Nimemshitaki, Munira. Nimemshitaki mtoto niliyemzaa, na yuko kaburini."

"Mungu alikuwa anajua, mama. Alikuwa anajua siyo yeye."

"Mungu alikuwa anajua," Bi Hija alisema. "Mie niliyemnyonyesha ndiye sikujua."

Munira akainuka, akaja akakaa chini pale mlangoni, na mama mkwe akamlalia begani.